Mjumbe Hauawi? A. M. Cassandre na Nadharia ya Bango la Kisasa Nchini Ufaransa, 1923–1968

1.0 Utangulizi

Bango ni kazi ya sanaa isiyokuwa na makao ya kudumu. Huchorwa na msanii, lakini hulipiwa na mfanyabiashara; hubandikwa hadharani bila mpita njia kuliomba; na muda wake ukiisha hubanduliwa au hufunikwa na bango jingine. Kwa sababu hiyo, swali la nani hasa mwenye bango limekuwa gumu tangu mwanzo. Je, ni la aliyelichora, ni la aliyelilipia, au ni la watu wa barabarani wanaolitazama? Katika kipindi cha kati ya vita kuu mbili za dunia, msanii wa Ufaransa aliyelijibu swali hilo kwa uwazi mkubwa ni Adolphe Jean-Marie Mouron, anayejulikana zaidi kwa jina lake la kazi, A. M. Cassandre (1901–1968).

Jibu lake lilikuwa la kujinyima. Kwa maoni yake, mchoraji wa mabango anafanana na karani wa telegrafu: hatungi ujumbe, bali anaupitisha, haulizwi anauonaje, anatakiwa tu kuhakikisha kwamba umefika ukiwa wazi, sahihi na wenye nguvu. Mtazamo huo unakaribiana na methali ya Kiswahili isemayo kwamba mjumbe hauawi. Methali hiyo humlinda aliyetumwa kwa kumtenga na maneno aliyoyabeba. Hata hivyo, kinga hiyo ina gharama yake, kwani anayetengwa na lawama ya ujumbe hutengwa pia na heshima yake.

Insha hii inachunguza nadharia hiyo kwa kuilinganisha na mabango yenyewe na mwenendo wa maisha ya msanii. Hoja kuu ni kwamba nadharia ya mjumbe ndiyo iliyompa Cassandre nidhamu iliyozaa baadhi ya mabango bora ya kizazi chake, lakini haikutosha kueleza kazi alizozifanya, wala haikumtosha yeye mwenyewe. Ili kuithibitisha hoja hiyo, insha inaanza na usuli wa bango nchini Ufaransa, kisha inaeleza misingi ya usanifu wa Cassandre, inachambua mabango yake makuu, na hatimaye inaipima nadharia yake dhidi ya ushahidi huo.

2.0 Usuli: Bango la Ufaransa Kabla ya Cassandre

Bango la rangi ni zao la mambo mawili, ufundi na sheria. Kwa upande wa ufundi, litografia, yaani uchapaji wa kutumia jiwe lililochorwa kwa wino wa mafuta, ilibuniwa na Alois Senefelder huko Bavaria mwishoni mwa karne ya 18. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, Jules Chéret aliiendeleza mbinu hiyo mjini Paris hadi ikawezekana kuchapa mabango makubwa ya rangi nyingi kwa bei nafuu. Kwa upande wa sheria, Sheria ya Uhuru wa Vyombo vya Habari ya tarehe 29 Julai 1881 ililegeza masharti ya kubandika matangazo na wakati huohuo ikaweka wazi mahali palipokatazwa. Hadi leo maandishi ya katazo hilo, pamoja na tarehe ya sheria yenyewe, yanaonekana kwenye kuta nyingi za miji ya Ufaransa.

Mabango ya kizazi hicho cha kwanza yalikuwa karibu na uchoraji wa picha. Chéret alijaza karatasi zake wanawake wenye furaha, na Henri de Toulouse-Lautrec, kwa bango lake la Moulin Rouge la mwaka 1891, alionyesha kwamba tangazo la ukumbi wa starehe linaweza kuwa kazi ya sanaa yenye thamani yake. Mwanzoni mwa karne ya 20, Leonetto Cappiello alileta badiliko kubwa: aliweka umbo moja la kushangaza juu ya usuli wa rangi moja, ili jicho lishikwe kwa mara moja. Nchini Ujerumani, Lucian Bernhard alikwenda mbali zaidi kwa kubakiza bidhaa na jina lake tu.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, mazingira ya mtazamaji yalibadilika. Mpita njia aliyekuwa akitembea kwa miguu sasa alipita akiwa ndani ya gari, basi au treni. Sambamba na hayo, mkondo wa Kyubizimu, ulioanzishwa na Pablo Picasso na Georges Braque kabla ya vita, ulikuwa umewazoesha wasanii kuona vitu kama mkusanyiko wa maumbo ya kijometri. Amédée Ozenfant na Le Corbusier nao walidai uchoraji uliosafishwa, wenye mpangilio na usahihi wa mashine. Kilichokosekana ni mtu wa kuyatoa mawazo hayo katika vyumba vya wachoraji na kuyapeleka barabarani. Kazi hiyo ilifanywa na kizazi cha Charles Loupot, Paul Colin, Jean Carlu na Cassandre.

3.0 Maisha ya Awali na Suala la Jina

Mouron alizaliwa tarehe 24 Januari 1901 huko Kharkov, mji uliokuwa katika Dola ya Urusi na ambao leo uko Ukraine. Wazazi wake walikuwa na asili ya Ufaransa, na baba yake alifanya biashara ya mvinyo. Utoto wake uligawanyika kati ya nchi hizo mbili hadi familia ilipokaa Paris mwaka 1915. Mjini humo alisomea uchoraji, ikiwa ni pamoja na muda aliokaa katika Académie Julian, na nia yake ilikuwa kuwa mchoraji wa picha. Mabango yalianza kama njia ya kujipatia riziki.

Uamuzi wa kutumia jina la Cassandre, mwanzoni mwa miaka ya 1920, unapaswa kutazamwa kwa kuzingatia hali hiyo. Jina la kuzaliwa liliwekwa akiba kwa ajili ya uchoraji wa picha, kazi aliyoiona kuwa ya kweli. Jina la kazi lilitengwa kwa ajili ya matangazo. Tangu mwanzo, kwa hiyo, Mouron alimgawa msanii katika nafsi mbili: mmoja anayesema ya moyoni mwake na mwingine anayesema aliyotumwa. Ni muhimu pia kukumbuka kwamba Cassandra wa hadithi za Kigiriki ni binti mfalme wa Troya aliyepewa kipaji cha kutabiri ukweli na laana ya kutoaminiwa. Hata iwapo jina lilichaguliwa kwa sababu ya mlio wake tu, ni jina la mbeba ujumbe, na ni la mbeba ujumbe asiye na bahati.

Jina hilo lilifahamika haraka. Mwaka 1923 Cassandre alichora bango la duka la samani la Paris lililoitwa Au Bûcheron, yaani “Kwa Mkata Miti”. Bango hilo, lenye upana wa takriban mita 4, linamwonyesha mkata miti akiwa kivuli kikubwa kilichoinamia upande mmoja huku mti ukiangukia upande wa pili, na miale ya mwanga ikitawanyika nyuma yao kwa mistari iliyonyooka. Bango lilibandikwa kwa wingi mjini, na katika Maonyesho ya Kimataifa ya Sanaa za Mapambo ya mwaka 1925 mjini Paris lilimpatia tuzo ya juu. Msanii huyo alikuwa na umri wa miaka 24.

4.0 Misingi ya Usanifu wa Cassandre

4.1 Maandishi Kama Chanzo

Wachoraji wengi wa mabango wa wakati huo walichora picha kwanza, kisha wakatafuta nafasi iliyobaki ya kuweka jina la bidhaa. Cassandre aliugeuza utaratibu huo. Kwake, neno ndilo lililoagizwa, na picha ni lazima ijengwe kulizunguka. Katika mabango yake bora, maandishi hayawezi kuondolewa bila umbo zima kuporomoka: huwa kingo za fremu, huwa msingi ambao chombo kinasimama juu yake, au huwa sehemu ya picha yenyewe.

Msimamo huo ulimfanya athamini sana herufi kubwa. Aliziona kuwa herufi halisi, zilizorithiwa kutoka maandishi ya kuchongwa kwenye majengo ya Warumi, ilhali herufi ndogo aliziona kuwa upotoshaji uliosababishwa na mwendo wa mkono wa waandishi. Fikra hiyo aliiendeleza katika ushirikiano wake na Charles Peignot, mkuu wa kiwanda cha herufi cha Deberny & Peignot. Bifur, iliyotolewa mwaka 1929, iliondoa sehemu za kila herufi na kubakiza zile tu ambazo jicho linazihitaji ili kuitambua. Peignot, ya mwaka 1937, ilijaribu jambo gumu zaidi, kwani maumbo mengi ya herufi ndogo yaliondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na maumbo ya herufi kubwa yaliyopunguzwa. Wasomaji wa vitabu hawakulikubali badiliko hilo, lakini herufi hizo zilitumika katika Maonyesho ya Kimataifa ya Paris ya mwaka huohuo.

4.2 Jometri Kama Nidhamu

Miongoni mwa sanaa zote, Cassandre aliipa usanifu wa majengo nafasi ya kwanza. Mabango yake yalijengwa kwa rula na bikari kabla ya kupakwa rangi. Alianza na gridi ya vipimo vilivyohusiana, akaamua mahali pa mistari mikuu, kisha akaviweka vitu ndani ya mpangilio huo. Alitumia pia chombo cha kupulizia rangi kwa nguvu ya hewa, ambacho huzalisha mpito laini kutoka mwangaza hadi giza bila kuacha alama ya brashi. Matokeo yake ni picha isiyoonyesha mkono wa aliyeichora. Kutoonekana huko hakukuwa jambo la mtindo pekee. Kulitokana moja kwa moja na nadharia ya mjumbe, kwa sababu karani wa telegrafu hatakiwi kuacha mwandiko wake kwenye ujumbe.

4.3 Umbali na Mwendo

Msingi wa tatu ulihusu hali ya mtazamaji. Anayekwenda kwenye jumba la sanaa amekusudia kutazama. Anayepita barabarani hakukusudia. Cassandre alisisitiza tofauti hiyo kwa kueleza kwamba picha ya mchoraji inaweza kuwa lengo lenyewe, lakini bango ni njia tu ya mawasiliano kati ya mwenye bidhaa na umma. Kwa sababu hiyo lilipaswa kusomeka kutoka mbali, katika muda mfupi, na kwa mtu aliye katika mwendo. Umbo moja lililotawala na rangi chache zilizopangwa kwa daraja ndizo zana alizozitumia kulitimiza sharti hilo.

5.0 Uchambuzi wa Mabango Teule

5.1 L'Intransigeant (1925)

Bango la gazeti la L'Intransigeant ndilo linaloitangaza nadharia ya Cassandre kwa picha. Linaonyesha kichwa cha Marianne, mwanamke anayewakilisha Jamhuri ya Ufaransa, kikiwa kimepunguzwa hadi kuwa mistari na nusu duara: jicho, sikio na mdomo uliofunguka. Nyaya za telegrafu, zilizoshikwa na vikombe vya kaure, zinakutana kwenye sikio. Habari za dunia zinaingia sikioni, na mdomo unazipaza. Jina la gazeti nalo halionekani lote. Linakatika likabaki “L'Intrans”, yaani ufupisho uliotumiwa na wasomaji wenyewe. Kwa hiyo bango haliwafundishi watu jina jipya, bali linawarudishia neno walilokwisha kulizoea.

Inafaa kutambua kwamba kichwa hicho ni mjumbe. Kinapokea na kutoa, na hapana dalili kwamba kinatafakari. Cassandre alichora hapo, akiwa kijana, mfano kamili wa kazi aliyoamini anaifanya.

5.2 Mabango ya Reli (1927)

Mwaka 1927 Cassandre alichora mabango mawili ya treni za kifahari yanayohesabika kuwa miongoni mwa kazi kuu za karne ya 20. Katika Nord Express, garimoshi linatazamwa kutoka chini kabisa, karibu na usawa wa ardhi. Magurudumu, mwili wa injini, moshi na nyaya vimekuwa mistari inayokimbilia nukta moja karibu na kona ya chini ya bango. Majina ya miji, kuanzia London na Paris hadi Berlin na Warsaw, yamewekwa kama fremu, na hivyo safari nzima inazunguka mashine inayoiwezesha.

Étoile du Nord, yaani “Nyota ya Kaskazini”, iliyotangaza treni ya Paris, Brussels na Amsterdam, ilikuwa na uthubutu mkubwa zaidi. Ndani yake hamna treni, hamna abiria, wala hamna mandhari ya mji unaokwendwa. Zipo reli tu, zinazotandazwa mbele ya mtazamaji na kukutana kwenye upeo wa macho ulio karibu na ukingo wa juu, ambapo nyota moja inang'aa. Kampuni ya reli ilikuwa ikiuza viti ndani ya mabehewa. Msanii aliuza umbali na hamu ya kuuvuka. Hapa linajitokeza swali la kwanza kwa nadharia ya mjumbe. Ujumbe uliotumwa ulihusu huduma, lakini ujumbe uliofika ulihusu shauku ya safari. Karani aliyebadilisha telegramu kiasi hicho angefukuzwa kazi, Cassandre alisifiwa.

5.3 Dubonnet (1932)

Tangazo la kinywaji cha divai cha Dubonnet lilichukua suala la mwendo na kuligeuza kuwa mbinu ya usimulizi. Lina picha tatu za mtu mmoja aliyevaa kofia ya duara, ameketi mezani. Katika ya kwanza, anaitazama bilauri kwa mashaka, na ni sehemu tu ya mwili wake iliyojazwa rangi. Maandishi yanasema DUBO. Katika ya pili anakunywa, rangi inashuka mwilini mwake, na neno linakuwa DUBON. Katika ya tatu anajimiminia tena akiwa amejaa rangi kutoka kichwani hadi miguuni, na jina linatimia: DUBONNET. Kwa sikio la Kifaransa, silabi hizo zinakaribia kusema kwamba kitu ni kizuri, kisha kwamba ni kitamu, kabla ya kulitaja jina.

Mfululizo huo ulimfaa mtu anayepita, kwani kila picha ilihitaji mtupo mmoja wa jicho, na mwendo wa mtazamaji ndio uliounganisha sehemu tatu kuwa kisa. Neno na mwili vinajazwa kwa pamoja, wino kwa wino. Hakuna kazi nyingine ya Cassandre inayothibitisha vizuri zaidi kwamba maandishi ni chanzo cha bango.

5.4 Mabango ya Meli (1931 na 1935)

Katika bango la L'Atlantique la mwaka 1931, mwili wa meli umefanywa karibu mstatili kamili unaojaza karatasi, na kando yake kuna meli ndogo ya kuvuta inayoonekana kama kitu cha kuchezea. Ukubwa haukuelezwa kwa maneno wala tarakimu. Ulielezwa kwa uwiano. Katika Normandie, ya mwaka 1935, meli inatazamwa kutoka mbele, kwenye usawa wa maji, ikisimama kama mnara uliogawanywa katikati na omo. Ndege wadogo weupe walio chini yake ndio kipimo pekee alichopewa mtazamaji.

6.0 Mipaka ya Nadharia ya Mjumbe

Ushahidi uliochambuliwa unaleta pingamizi tatu dhidi ya nadharia ya Cassandre. La kwanza linahusu utambulisho. Msanii aliyedai kwamba mkono wa mchoraji haupaswi kuonekana alizalisha kazi zinazotambulika mara moja kuwa zake, na karibu kila moja aliitia sahihi. Nidhamu iliyokusudiwa kumficha ndiyo iliyomfichua. Mwandishi Blaise Cendrars, katika utangulizi wa albamu ya kazi za Cassandre iliyotolewa mwaka 1935, alimtukuza kama mwelekezaji wa maonyesho ya barabarani. Mwelekezaji si karani. Ndiye anayeamua hadhira ione nini, na kwa namna gani.

Pingamizi la pili ni la kimaadili. Katikati ya miaka ya 1930 Cassandre alichora bango la utalii lenye jina Italia, lililoagizwa na shirika la utalii la nchi hiyo. Huo ndio wakati ambapo serikali ya Benito Mussolini iliivamia Ethiopia, mwezi Oktoba 1935, na majeshi yake yakaingia Addis Ababa tarehe 5 Mei 1936. Bango halikuzungumzia vita, na hapana sababu ya kudai kwamba msanii aliishabikia serikali hiyo. Hata hivyo, kutangaza uzuri wa nchi kwa wageni, katika wakati ambao nchi hiyo ilikuwa imewekewa vikwazo na Shirikisho la Mataifa, hakuwezi kuhesabiwa kuwa kazi isiyo na upande. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, ambako habari za Ethiopia ziligusa nyoyo za wengi, mfano huu unaonyesha ugumu wa kinga ya mjumbe. Methali ya mjumbe hauawi humlinda yule asiyeweza kubadili maneno aliyopewa. Mchoraji wa mabango, kinyume chake, hupewa maneno makavu na kuyavika mvuto. Mvuto huo ni mchango wake mwenyewe, na hawezi kuurudisha kwa aliyemtuma.

Pingamizi la tatu linatokana na wakati. Tarehe 4 Januari 1933, L'Atlantique iliungua baharini ikiwa haina abiria, na baadhi ya mabaharia wake wakapoteza maisha. Tarehe 9 Februari 1942, Normandie nayo ilishika moto bandarini New York ilipokuwa ikigeuzwa kuwa meli ya kubeba wanajeshi, kisha ikapinduka. Gazeti la L'Intransigeant lilisimama mwaka 1940 Ufaransa ilipovamiwa. Bidhaa zilizotangazwa zimetoweka. Mabango yamebaki, yanahifadhiwa katika majumba ya makumbusho na kuuzwa kwenye minada. Kama bango ni chombo cha kupitisha ujumbe tu, lilipaswa kufa pamoja na ujumbe huo. Kubaki kwake kunaonyesha kwamba lilibeba kitu kingine ambacho hakikuagizwa na mteja yeyote.

Hata hivyo, pingamizi hizi hazifuti thamani ya nadharia yenyewe. Inawezekana kudai kwamba Cassandre aliihitaji nadharia hiyo kama mjenzi anavyohitaji jukwaa la miti: haimo katika jengo lililokamilika, lakini bila hiyo jengo lisingeinuka. Imani kwamba anamtumikia mtu mwingine ilimzuia kupamba bila sababu, ikamlazimisha kumfikiria mpita njia, na ikamfanya aondoe kila kisichohitajika. Kosa lake halikuwa kuifuata kanuni hiyo alipokuwa akichora, bali kuitumia kama maelezo kamili ya kile alichokuwa amekichora.

7.0 Baada ya Mabango

Mwaka 1930 Cassandre alianzisha wakala wa Alliance Graphique pamoja na Maurice Moyrand, na Charles Loupot akajiunga nao. Moyrand alifariki katika ajali mwaka 1934, na ushirika huo haukudumu baada yake. Mwanzoni mwa mwaka 1936, Jumba la Makumbusho la Sanaa za Kisasa la New York lilifanya maonyesho ya mabango ya Cassandre. Mafanikio hayo yalifungua mlango wa kazi nchini Marekani, zikiwemo picha za majalada ya jarida la Harper's Bazaar chini ya uelekezi wa Alexey Brodovitch.

Kwa nje, hicho kilikuwa kilele. Kwa ndani, ilikuwa ni kuaga. Baada ya kulitumikia jeshi la Ufaransa mwanzoni mwa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Cassandre alielekeza nguvu zake kwenye uchoraji wa picha na mapambo ya jukwaa. Mwaka 1949 alisanifu mandhari ya opera ya Don Giovanni katika tamasha la Aix-en-Provence, kazi iliyosifiwa sana. Lakini picha zake, zile alizoziwekea akiba jina la kuzaliwa, hazikupata nafasi iliyolingana na ile ya mabango. Umma ulimtaka mjumbe, wala haukuwa na haja kubwa na maneno yake mwenyewe.

Katika miaka ya mwisho aliendelea kupewa kazi chache za usanifu. Mojawapo, herufi tatu za Yves Saint Laurent zilizosukwa pamoja mwanzoni mwa miaka ya 1960, inaonekana hadi leo duniani kote, ingawa wengi wanaoitazama hawamjui aliyeichora. Alibuni pia aina mpya ya herufi, lakini haikupata kiwanda cha kuitoa katika uhai wake. Baada ya kusumbuliwa na huzuni kwa miaka mingi, alijitoa uhai mjini Paris tarehe 17 Juni 1968. Haifai kukieleza kifo cha mtu kwa sababu moja, na insha hii haidai kwamba nadharia ya sanaa ndiyo iliyomwua. Kinachoweza kusemwa ni kwamba mgawanyo aliouanzisha kwa kuchagua majina mawili haukupata suluhu hadi mwisho.

8.0 Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba mchango wa A. M. Cassandre katika usanifu wa mabango una sehemu mbili zisizotengana. Sehemu ya kwanza ni mbinu: maandishi kuwa chanzo, jometri kuwa nidhamu, na mwendo wa mtazamaji kuwa sharti. Mbinu hizo zililitoa bango katika kivuli cha uchoraji wa picha na kulipa sarufi yake yenyewe. Sehemu ya pili ni nadharia ya mjumbe, iliyozihalalisha mbinu hizo kwa kudai kwamba msanii hana neno lake.

Mabango yenyewe yamelipinga dai hilo. Étoile du Nord ilisema zaidi ya ilichoagizwa kusema. Italia ilionyesha kwamba ukimya wa mjumbe nao ni kauli. Na Normandie imeishi miongo mingi baada ya chombo ilichokitangaza kuzama katika moto na maji. Kwa watafiti wa historia ya mawasiliano, funzo ni kwamba matamko ya msanii kuhusu kazi yake ni ushahidi wa nidhamu aliyoifuata, si lazima yawe ushahidi wa maana ya kazi hiyo. Kwa wasanifu wa matangazo, swali bado ni lilelile ambalo Mouron alilikwepa kwa kulipa jina la pili: anayeupamba ujumbe hadi upendwe hawezi kusimama pembeni yake na kusema kwamba alitumwa tu.